Wiki Moja kwa Mashua: Mombasa Hadi Kisite na Kurudi

Mama alizaliwa Mkwiro, kisiwani Wasini. Kila akienda kwao hupanda matatu hadi Shimoni, kisha boti ya kuvuka. Alichokuwa akikitamani miaka yote ni kwenda kama walivyokwenda wazee wake, kwa tanga, kutoka Mombasa, kisiwa baada ya kisiwa. Mwaka jana nilimtimizia. Kila ninayemsimulia huuliza kwanza bei. Mimi naona swali la kwanza ni msimu, la pili ni mwezi uko siku ngapi. Bei inafuata nyuma kabisa.

Ami, mdogo wake marehemu Baba, ana mashua ya uvuvi, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Mimi nilikuwa nataka twende Desemba, watoto wakiwa wamefunga shule. Akanijibu, "Mwanangu, kusi ikikatika, kaskazi haijashika, hapo ndipo." Alikuwa akisema maleleji, kipindi kati ya kusi, upepo utokao kusini, na kaskazi, upepo utokao kaskazini: Oktoba na Novemba, matlai inapovuma kutoka mashariki. Pwani yetu kutoka Mombasa inateremka kusini, kwa hiyo upepo huo unakupata ubavuni ukienda na ubavuni ukirudi. Ukisafiri Januari utateremka Wasini kwa raha, kaskazi ikiwa mgongoni, halafu utarudi ukibisha, yaani ukienda mshazari dhidi ya upepo, kutwa nzima. Julai mambo ni kinyume, na bahari ya nje ya mwamba wakati wa kusi si ya kumpeleka mtu mzima. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu.

Upande wa mwezi, tuliondoka siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo maji hapa kwetu hujaa alfajiri na tena jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Faida yake ni kubwa. Alfajiri unatoka na maji yanayopwa huku umande, upepo wa alfajiri utokao bara, ukikusukuma nje, na jioni unaingia kwenye hori na mikoko maji yamejaa tele, chombo hakisugui mchanga. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hivyo juma likielekea ukingoni umeshafika maji mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo, na mikondo imepoa. Ndiyo sababu Kisite, hifadhi ya bahari kusini mwa Wasini, tuliiweka mwisho. Bamvua likiwa kali, mkondo kati ya Wasini na Shimoni ni wa kuheshimiwa hata na wenyeji.

Matayarisho yalikula muda kuliko safari. Mashua ilipandishwa pwani, ikakalafatiwa upya, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa deheni ya kuzuia maji. Karatasi za chombo zilikuwa sawa, lakini jaketi za kuokoa maisha zilikuwa pungufu. Nilikataa katakata tuondoke kabla kila mtu hajapata lake, wakiwemo mabaharia wenyewe waliosema wamezaliwa majini. Tulichukua pia mashine ndogo ya kuazima, kwa ajili ya siku upepo ukilala.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni staha ya Mama. Mashua haina choo wala chumba. Nikapanga tusilale chomboni hata usiku mmoja: kila jioni tulale nchi kavu, kwenye nyumba ya mtu tuliyempigia simu mapema. Kwa mchana tulifunga kanga mbili nzito upande wa tezi, nyuma ya chombo, na nyuma ya kanga ndoo yenye kifuniko. Juu tukatandaza turubai la kivuli, chini ya mlingoti tukaweka godoro. Hapo katikati ndipo chombo kinapoyumba kidogo kabisa, na Mama hakulewa bahari hata kidogo. Shangazi, aliyependa kukaa omo, mbele ya chombo, atazame mbele, alilewa siku ya kwanza. Tukamsogeza, tukampa tangawizi ya kutafuna, akapata nafuu.

Maji ya kunywa tulihesabu lita 5 kwa mtu kwa siku na kuyagawa kwenye madumu madogo, ili moja likipasuka yasipotee yote. Kisiwa cha Wasini hakina mto, na watu wake kwa miaka mingi wametegemea maji ya mvua. Si haki mgeni kwenda kuwamalizia. Madumu matupu tuliyajaza Gazi.

Tulitoka Bandari ya Kale baada ya sala ya alfajiri. Kipande cha kwanza ndicho kilichonitia hofu, kwa sababu ukielekea kusini lazima ukate njia ya meli kubwa zinazoingia Kilindini. Ami alisubiri meli moja ya makontena ipite mbele ya mnara wa Ras Serani, ndipo akaamuru foromali, boriti ya tanga, ipandishwe. Tukateremka tukiwa karibu na mwamba, maana mbali zaidi mkondo wa pwani hukimbia kaskazini na ungeturudisha nyuma. Likoni, Tiwi, Diani, zote nilizijua kwa barabara tu. Kutoka baharini Diani ni ukanda mweupe usiokwisha.

Gazi tuliingia jioni nyuma ya kisiwa cha Chale. Wenyeji pale wanailinda mikoko yao na kuuza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na mapato yanarudi kijijini. Siku za kisiwa cha Funzi zilikuwa za kupumzika: kaa waliopikwa kwa nazi, muhogo, na mtumbwi hadi mlango wa mto Ramisi kutazama mamba, ambao Mama hakutaka kuwasogelea.

Mkwiro sitaieleza yote. Wanawake wa rika lake walikuwa wamejipanga ufukweni na vigelegele, wakisema naye Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya huko, kwa kasi ambayo mimi nilishika nusu tu. Usiku ule mvua ya vuli ikanyesha kwa nguvu, na kila mtu akatoka na sufuria, ndoo, hata beseni. Mama naye alitoka, akaroa chepechepe, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi ndani. Kesho yake mchana, maji yalipokupwa, tulikwenda kijiji cha Wasini kutembea kwenye daraja la mbao la akina mama, kati ya matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu.

Kisite tulikwenda tukiwa tumeshalipa kiingilio cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Hifadhini hairuhusiwi kuvua kabisa, tofauti na hifadhi jirani ya Mpunguti ambako uvuvi wa kienyeji unakubaliwa, basi Ami aliikunja mishipi yote kabla hatujafika. Pomboo walitufuata. Maji yalikuwa matulivu na meupe hivi kwamba Mama, akiwa amekaa ubavuni mwa chombo, alimwona kasa akila nyasi za bahari chini yake.

Kurudi ilikuwa safari ya siku moja, kama maili 40 za baharini. Safari hii Ami alikwenda nje zaidi ili mkondo ule ule tuliouepuka utubebe. Mbele ya Tiwi upepo ulilala, tukawasha mashine, na kabla ya magharibi tukafunga Bandari ya Kale.

Gharama tuligawana wote, na fungu kubwa lilikuwa matengenezo ya mashua, ambayo Ami angeyafanya hata bila sisi. Sasa Mama anataja Lamu. Huko ni kusi ya kukupeleka, na Ami anasema tuingoje ipungue ukali, mwisho wa Agosti hivi.