Kutoka vumbini hadi lami
Miaka sita ya kuruka matuta na CRF250R, pikipiki ya mashindano ya vumbi, nikajiona fundi. Mwezi uliopita nikatafuta pikipiki ya barabarani. Roho ilitaka ya cc 1000, washkaji wakanicheka: "Utazikwa nayo, kaka!" Nikachukua CB500X iliyotumika: cc 471, karibu kilo 200, yaani kama mara mbili ya ile ya vumbi.

Kona ya kwanza baada ya Usa River nikatoa mguu kama niko kwenye tope. Soli ikakwaruza lami kraaa! Bodaboda aliyekuwa nyuma akapiga honi huku anacheka. Na vioo, jamani! Ile ya vumbi haina. Bado nageuza shingo kutazama nyuma.

Ila jana mbuzi kakatiza, nikabana breki zote, ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukibana breki) ikatetemeka mguuni, tairi halikuteleza hata kidogo.