Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Lugha ya Kijapani, Wiki Moja Kabla ya Mashindano ya Japan Bowl

Saa 11:30 alfajiri
Huku Maryland, Marekani, bado giza, lakini Mombasa ni saa 6:30 mchana. Nampigia mama kabla hajaenda kujinyoosha. Shikamoo, marahaba, kisha swali lake la kila siku: "Na wale wanao wa Kijapani, wameiva?" Namwambia bado wiki moja. Ananiombea dua, anawaombea na wao.

Saa 1:45 asubuhi
Kipindi cha kwanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Leo tunahesabu vitu. Penseli moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Karatasi ni ichimai, nimai, sanmai. Paka ni ippiki, nihiki, sanbiki. Wanaguna: kwa nini kila kitu kihesabiwe kivyake? Mimi niliyekulia kwenye mtu mmoja, kiti kimoja na miti miwili sioni ajabu lugha kutaka kujua kitu ni cha namna gani kabla ya kukihesabu. Nawaandikia ngeli chache ubaoni. Mguno unapungua kidogo.

Saa 6 mchana
Fomu za ruhusa za wazazi. Moja bado haijarudi.

Saa 8:45 alasiri
Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa. Shule imetoka, wamebaki watatu, timu yetu ya ngazi ya tatu. Japan Bowl ilianzishwa mwaka 1992 na Japan-America Society of Washington DC kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma Kijapani. Timu ni ya wanafunzi wasiozidi watatu wa shule moja, na ngazi hutegemea miaka waliyosoma. Wanaulizwa sarufi na kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, lakini pia historia, jiografia na maisha ya Wajapani.

Naanza na mepesi. Meya wa Tokyo aliyeipa Washington zaidi ya miti 3,000 ya sakura, yaani micheri ya maua, mwaka 1912? "Yukio Ozaki!" Sijamaliza hata swali, miti yenyewe inachanua sasa pale kwenye bwawa la Tidal Basin, Washington, na wote wamekwenda kuiona. Ziwa kubwa kuliko yote Japani? Biwa. Liko mkoa gani? Kimya. Shiga, nawaambia, na mikoa yote 47 tutairudia.

Tanakali za sauti wanazipenda. Mvua kubwa ni zaazaa, kitu kinachong'aa ni pikapika, moyo ukienda mbio ni dokidoki. Wananidai za kwetu, nawapa: kuanguka pu, kunyamaza ji, nyeupe pe.

Kisha keigo, lugha ya heshima. Katibu muhtasi anapokea simu kutoka kampuni nyingine. Bosi wake ametoka. Atasemaje? Mvulana mmoja anashikilia kwamba bosi ni mkubwa, apewe kitenzi cha heshima. Mwenzake anakubali. Binti wa tatu, ambaye nyumbani wanazungumza Kihispania, anatikisa kichwa: anayepiga simu ni wa nje, bosi ni wa ndani, kwa hiyo mbele ya mgeni unamshusha bosi wako mwenyewe, hata "san" ya heshima baada ya jina humwekei. Wanabishana dakika kumi nzima. Siingilii. Mwishoni yule mvulana mwenyewe ndiye anayeandika jibu: gaishutsu shite orimasu, yaani "ametoka" kwa kitenzi cha kujishusha.

Kwa sababu ya dakika kumi hizo nayapenda mashindano ya timu kuliko ya hotuba. Nairobi, nilikoanza kusoma Kijapani, nilishiriki ya hotuba, na yalinipa ujasiri wa kusimama mbele za watu, siyabezi. Lakini hotuba huandikwa, mwalimu akaisahihisha, mwanafunzi akaikariri. Swali la keigo halikaririki. Lazima ujue nani anazungumza na nani, na mwenzako akikosea umweleweshe kabla muda haujaisha. Nimeona wanafunzi waliotaka kuacha Kijapani baada ya mwaka wa pili wakabaki hadi wa nne kwa sababu timu iliwahitaji.

Saa 12 jioni
Basi, foleni, nyumbani.

Saa 3 usiku
Natunga maswali ya kesho. Keigo zaidi: mteja dukani, mzazi anayezungumza na mwalimu, mwanafunzi anayemwandikia barua mwenyeji wake. Shiga nimeiweka swali la kwanza. Fomu ya mwisho imefika kwa simu, imepigwa picha juu ya meza ya jikoni, sahihi ya mama mtu ikisomeka vizuri. Timu imekamilika.