Mlio wa mtungi, mtaa wa Sakakini

Nilipanda metro Maadi, Cairo, alfajiri, rekoda mfukoni na hedifoni masikioni. Kituo cha pili tu, maandishi ukutani: Dar El-Salam. Mimi mtoto wa Dar es Salaam nilihisi kama nimeitwa jina langu ugenini. Nikarekodi milango ikifunguka na kufungwa, basi tu, kwa mapenzi.

Nilishuka Ghamra, nikatembea hadi Sakakini. Ndiyo sababu ya kuja Cairo: hapa ndipo alipokulia Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki wa Misri, aliyezaliwa 1921. Mwaka 1944, akiwa bado anasomea kilimo, aliazima redioni mashine ya kunasa sauti kwenye waya wa chuma, akaenda kurekodi zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo ambayo bibi zetu wa pwani wangeitambua mara moja. Kisha akaingia studio, akazififisha sauti zenyewe akabakiza mwangwi wake. Kinachosikika leo ni kipande cha dakika mbili hivi, kama watu wanaoimba nyuma ya ukuta mnene. Mfaransa Pierre Schaeffer alitoa utunzi wake wa milio ya treni kule Paris mwaka 1948, miaka minne baadaye, na bado wengi huanzia kwake wanaposimulia muziki huu wa sauti zilizorekodiwa. Hilo huniuma.

Karibu na jumba la Sakakini nikamsikia muuza gesi kabla sijamwona. Anagonga mtungi kwa spana, ngee, ngee, ngee, kama wauza kahawa wetu wanavyogonganisha vikombe, na mtaa mzima unajua nani anapita. Nikamsalimia, nikamwomba kwa Kiarabu changu cha madrasa agonge mara moja tu, aache. Mara ya kwanza upepo uliingia kwenye maikrofoni, ukaharibu. Akanionyesha kitu: mtungi uliojaa hutoa kishindo kifupi, dub, ukakoma, mtupu ndio unaolia. Akachagua mtupu, akaushika kwa juu, akagonga. Tukanyamaza wote wawili, tukiufuatilia mlio hadi ukapotea ndani ya honi za magari.

Usiku, Maadi, niliufungua kwenye kompyuta. Nikakata mwanzo wake, pale spana inapogusa chuma, nikabakiza mkia. Mtungi ukatoweka. Palikuwa na mtu anayevumisha sauti, mdomo umefungwa, mbali sana. Nikaupunguza mwendo kwa nusu, sauti ikashuka oktava nzima na kuanza kutetema. Ndani ya mlio mmoja kumbe mlikuwa na milio miwili inayovutana. Nilirudia hadi adhana ya alfajiri. Chini yake nimeweka ile milango ya Dar El-Salam, taratibu, kama pumzi.

Mwishoni mwa rekodi, mlio ukishakufa, muuza gesi anasema kwa sauti ya chini, "Khalas." Nilikuwa nimeshaweka alama ya kumkata. Nimemwacha.