Nilivyofundisha kamatakamata ya Boston ya 1747

Nilipopangiwa kufundisha kidato cha tano chanzo cha uhuru wa Marekani, niliamua kuanza na mabaharia badala ya chai iliyomwagwa bandarini Boston mwaka 1773 kupinga kodi ya Uingereza, kwa kuwa wao walikuwa wameuonja ukali wa dola ya Uingereza miaka mingi kabla yake. Kikwazo kilikuwa neno. Kila nilipoeleza kwamba wanamaji wa Uingereza walishuka bandarini kuwaandikisha watu wafanye kazi katika merikebu zao za kivita, wanafunzi waliwaza fomu na hiari, ilhali watu hao walichukuliwa kwa nguvu.

Nikawakumbusha Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. “Kumbe ni kamatakamata!” akasema mmoja, na tangu hapo hilo likawa neno letu.

Novemba 1747, Charles Knowles, kamanda wa merikebu za kifalme ambaye mabaharia wake walikuwa wakimtoroka, alituma vikosi vyake Boston, vikakamata wanaume 46. Maelfu ya watu wakaingia mitaani, wakawashika mateka maofisa wake, wakavunja madirisha ya jengo la serikali na kuchoma mashua. William Shirley, gavana wa koloni la Massachusetts ambako Boston ipo, aliwaita wanamgambo kwa ngoma lakini hawakutokea, naye akakimbilia ngome ya kisiwani. Knowles alitishia kuupiga mji mizinga. Baada ya siku kadhaa za mvutano maofisa waliachiwa, na wengi wa waliokamatwa wakarudishwa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sehemu niliyoithamini zaidi ni azimio la mkutano wa mji, uliokana ghasia hizo na kuzitupia kwa mabaharia wa kigeni, watumishi, watu weusi na wengine walioitwa duni. Niliwasomea taratibu, kwa sababu naamini kijana anayejifunza historia lazima ajue kwamba hata maandishi yaliyotiwa muhuri yana upande. Sikuwapa jibu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huongea kidogo, alinyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, kama walikuwa wageni tu, mbona wanamgambo, ambao ni wenyeji wenye mali, hawakuitikia ngoma?”

Nililiandika swali hilo ubaoni, na kipindi kizima kilichofuata tulikitumia hapo.