Sukari kwenye mkojo wa anayetumia tenofovir

Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha sukari kwa mtu anayetumia tenofovir, dawa ya VVU na homa ya ini B, usikimbilie kusema ana kisukari. Mchome kidole kwanza. Figo huanza kuachia sukari pale kiwango chake kwenye damu kinapofika takribani 10 mmol/L. Chini ya hapo huirudisha karibu yote. Kijiti kikisoma ++ na damu ikasoma 5.4, kongosho huenda halina kosa.

Huenda, kwa sababu mkojo ni wa saa kadhaa na tone la damu ni la sasa hivi. Mwambie akojoe, asubiri kama nusu saa bila kula, kisha upime mkojo mpya na damu kwa pamoja. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, ikiwa ya kawaida, mashaka yanahamia kwenye mirija ya figo, ile inayorudisha sukari kwenye damu.

Tenofovir huingizwa kwenye seli za mirija hiyo kupitia milango iitwayo OAT1 na OAT3. Ikirundikana humo huharibu mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na seli hukosa nguvu ya kurudisha sukari, fosfeti, bikaboneti na asidi ya yuriki. Aina ya TDF, miligramu 300 kwa siku, ndiyo ya kuangaliwa zaidi, hasa ikitolewa pamoja na ritonavir, dawa nyingine ya VVU. Aina nyingine, TAF, huacha tenofovir kidogo mno kwenye damu, pungufu kwa takribani asilimia 90.

Kreatinini, kipimo cha damu cha kawaida cha figo, isikutulize: inaweza kubaki ya kawaida huku mirija ikiwa imeshaumia. Protini nayo ina mtego wake, maana kijiti hukamata albumini, si zile protini ndogo zinazovuja kwenye mirija. Pima fosfeti ya damu. Ikiwa chini, na mgonjwa analalamika mifupa kuuma, usisubiri kliniki ijayo.

Kijiti nacho hudanganya. Vitamini C nyingi huficha sukari. Mabaki ya dawa ya klorini kwenye chombo huizusha. Ujauzito hushusha kizingiti cha figo. Na dapagliflozin au empagliflozin, dawa za kisukari, hutoa sukari kwenye mkojo kwa makusudi, kwa hiyo uliza dawa zote anazomeza kabla ya kuilaumu ARV.

Ikithibitika ni mirija, dawa hubadilishwa na daktari, haikatishwi nyumbani. Mwenye homa ya ini B akiiacha ghafla bila mbadala, ini linaweza kuwaka vibaya kuliko figo.