Je, Bidhaa Zingeweza Kudumu Zaidi?

Hapa Tanga, ambako baiskeli bado ni chombo cha kila siku, fundi wa Ngamiani hufungua gurudumu, hubadilisha gololi, hupaka grisi, na baiskeli ya miaka mingi huendelea kubeba mizigo. Fundi wa televisheni, katika mtaa huohuo, mara nyingi hukuta kapasita iliyovimba: kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, chenye majimaji ambayo hukauka upesi kadiri joto linavyoongezeka. Zipo kapasita zilizoundwa kustahimili nyuzi 105 badala ya 85, na nyongeza ya bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya televisheni yenyewe. Kwa hiyo naamini kwamba kinachokosekana si elimu ya uhandisi, bali ni nia ya mwenye kiwanda.

Ukosefu huo wa nia una historia. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu waliunda huko Geneva umoja ulioitwa Phoebus, wakaweka ukomo wa saa 1,000 kwa kila balbu, na aliyeuzidisha alitozwa faini. Walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule, hoja ambayo kifizikia ina ukweli, ingawa faini hizo zinanifanya nisite kuwaamini.

Mwaka 2015 Ufaransa ilitunga sheria inayosema kwamba kufupisha makusudi maisha ya bidhaa ni kosa la jinai. Kwetu, penye hewa ya chumvi inayokula chuma, ningeanza na skrubu badala ya gundi, ili fundi aweze kufungua kifaa, pamoja na vipuri vinavyopatikana dukani.