Cheti cha Tume hakifuti kopi za NIDA zilizobaki kwenye kompyuta

Kama una steshenari, gesti, duka la dawa, saluni au kibanda cha uwakala hapa Dodoma, na unaandika jina na namba ya simu ya mteja mahali popote, hata kwenye daftari la kawaida, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inakuhusu. Ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia akaizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Inakutaka ujisajili Tume, na inakutaka hizo taarifa uzilinde. Shida yangu ni kwamba wengi tumeshika hilo la kwanza tu, yani mtu akishapata cheti anakipachika ukutani anaona kamaliza.

Mimi nazunguka sana kwenye haya maduka, kuanzia One Way mpaka Ng'ong'ona kule wanakopanga wanafunzi wa UDOM, na kiukweli steshenari ndo zinaniumiza kichwa kuliko zote. Mtu anakuja kuomba kazi Ajira Portal au kuomba mkopo HESLB, anaacha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, namba ya mzazi, saini ya mdhamini, vyote vinaskaniwa na vyote vinabaki pale deskitopu, wa mwaka jana yupo, wa juzi yupo, na anayekuja kuprinti baada yake anaviona vyote wakati anatafuta faili lake. Imeili yake imeachwa wazi. Nywila yake ipo kwenye daftari la kaunta kwa sababu wateja husahau na dada wa kaunta anataka kuwasaidia. Kompyuta hiyohiyo inachomekwa flashi za mtaa mzima. Afu zile kopi zilizotoka vibaya zinawekwa pembeni, jioni anapita muuza karanga anazichukua za kufungia, namba ya NIDA ya mtu inaenda kuzunguka stendi na karanga ndani.

Hapo hakuna mdukuzi (hacker) yeyote aliyevunja mfumo. Ni mazoea tu, na ndo maana nasema inarekebishika bila kununua kitu chochote. Skani moja kwa moja kwenye flashi ya mteja au mtumie kwa imeili yake halafu futa, na ukifuta kumbuka Recycle Bin, lile pipa la kompyuta faili lililofutwa linapobaki, nayo imwagwe. Akaunti ya mteja ifungulie kwenye lile dirisha la siri la brauza lisilohifadhi nywila, ukilifunga linasahau akaunti iliyofunguliwa, ila faili lililopakuliwa linabaki mpaka ulifute. Kopi mbovu zichanwe vipande au zichomwe kabla ya kufunga duka. Sheria yenyewe inasema kusanya kinachohitajika kwa kazi husika na usikikalie kupita muda wake, kwahiyo ukifuta unatii sheria na hapohapo unapunguza cha kuibiwa.

Lile daftari la nywila ndo gumu. Mama mmoja pale Majengo aliniambia, "Mwanangu, nikilichoma hili wateja watarudi kunigombeza." Nikamwambia, Mama, mteja akisahau si simu yake anayo, abadilishe nywila mwenyewe palepale mbele yako, wewe muelekeze na hiyo huduma mtoze. Akafikiria kidogo, akauliza amtoze shilingi ngapi. Daftari likachomwa.

Gesti nako kuna lao. Kitabu cha wageni lazima uwe nacho sawa, lakini kwa nini kimefunuliwa kaunta mgeni anayeingia anasoma nani yuko chumba namba 7, katoka wapi na simu yake ni ipi? Na Bunge la bajeti likianza huu mji unajaa wageni wa kila aina. Mhudumu aandike mwenyewe, au afunike mistari ya juu kwa karatasi ngumu. Maduka ya dawa ndo wawe makini zaidi maana taarifa za afya sheria inaziita nyeti na masharti yake ni makali, kwahiyo kwenye daftari la madeni andika jina na kiasi, ugonjwa wa mtu acha.

Kuna watu wanapita madukani wanauza "sera ya faragha" iliyoprintiwa kwa Kiingereza, nimeona moja ndani yake kuna jina la kampuni nyingine kabisa. Wanatishia faini ndo mtu atoe hela. Faini zipo kweli, Tume inaweza kutoza mpaka milioni 100, ila mwenye duka dogo ukimtisha anajificha, harekebishi kitu. Usajili unafanyika kwenye tovuti ya Tume. Sera yako iandike kwa Kiswahili, nusu ukurasa, nachukua nini, cha nini, nakaa nacho muda gani, nani hapa dukani anahusika. Bandika mteja aisome.

Kwa mnaouza kwa WhatsApp, leo hii weka ile pin ya hatua mbili kwenye mipangilio, na ile namba ya siri (code) ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu hata akijiita mtoa huduma. Akaunti ya duka ikitekwa, wateja wako wote wanatumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa jina lako wewe waliyekuamini, na wapo watakaotuma. Ikitokea usikae kimya kwa aibu, waambie wateja haraka kwa njia nyingine, toa taarifa Tume, na namba ya tapeli itume 15040.

Ninyi mnaosoma mambo ya kompyuta CIVE pale UDOM, hili naliomba kwenu kabisa. Steshenari mnayoprintia kila siku mnaijua na dada wa pale anawajua. Kaeni naye mchana mmoja wateja wakipungua, fungueni hiyo deskitopu pamoja, mmuoneshe namna ya kufuta na namna ya kuweka akaunti ya mteja tofauti na yake. Msianze na maneno ya darasani, anzeni na faili la mtu ambaye wote mnamfahamu.